Meko ya sebuleni: chagua dohani kwanza, picha baadaye

Kipupwe kikikaribia, simu yangu hujaa picha. Picha ni ileile kila mwaka: sebule ya Ulaya, mdomo wa moto mpana kama geti, magogo manene yamepangwa vizuri, na paka amelala mbele yake. Chini ya picha kuna swali: "Fundi, hii kwangu inawezekana?" Wanaouliza wako Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya na Lushoto. Wengine wako Kenya, upande wa Limuru, Nyahururu na Molo, ambako mwezi wa saba koti halivuliwi ndani ya nyumba.

Kuwezekana inawezekana. Ila picha inakuonyesha mdomo tu. Kinachoamua kama utaota moto au utatokwa machozi ni dohani, na dohani haimo pichani.

Tuelewane maneno. Wengine huita fayaplesi, mimi nitasema meko. Mdomo ni uwazi unaoutazama ukiwa umekaa. Tumbo ni pale kuni zinapowaka. Koo ni pembamba pa juu ya tumbo moshi unapopenya. Dohani, ambayo mafundi wengi huiita chimni, ni njia ya moshi mpaka juu ya paa.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tepe ya kupimia, karatasi na kikokotoo cha simu.
- Ramani ya nyumba. Kama nyumba imeshasimama, panda darini na tochi uone mbao za paa zimepita wapi.
- Jibu la kweli kuhusu kuni: utazitoa wapi, na utazianika wapi zisinyeshewe.
- Fundi aliyewahi kujenga meko yanayofanya kazi. Usikubali kuonyeshwa kwenye simu. Mwombe akupeleke kwenye nyumba hiyo jioni, moto ukiwa unawaka, ukae nusu saa. Ukitoka na nguo zinazonuka moshi, mshukuru utafute mwingine.
- Uamuzi mmoja: unataka joto, au unataka moto wa kutazama wageni wakija? Yote mawili ni halali, lakini meko yake si yaleyale.

## Hatua ya 1: Pima chumba

Zidisha urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, kisha gawanya kwa 14. Unachopata ni kilowati za joto unazohitaji. Sebule ya mita 5 kwa 4, yenye dari la mita 2.7, ina mita za ujazo 54. Ukigawa kwa 14 unapata karibu 4. Kanuni hii ni ya Waingereza na baridi yao, kwa hiyo kwetu inatosha na kubaki.

Kosa la kawaida: sebule imeungana na sehemu ya kulia chakula na korido, hakuna mlango katikati, halafu mtu anapima pale penye makochi tu. Joto halijui mpaka wa zulia. Pima vyote vilivyo wazi, au weka mlango.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya kuni

Watu hawapendi hatua hii, ndiyo maana meko mengi yamegeuka mahali pa kuwekea maua.

Kilo moja ya kuni kavu ina joto la karibu kilowati-saa 4, yaani sawa na yuniti 4 za umeme. Meko ya wazi huipa sebule asilimia 10 hadi 20 tu ya joto hilo. Lililobaki linapanda na moshi. Jiko la chuma lenye mlango wa kioo hukupa asilimia 60 hadi 80. Chukua ile sebule yetu ya kilowati 4, uiwashie moto kwa muda wa saa nne kila jioni. Kwa meko ya wazi utachoma karibu kilo 27. Kwa jiko la chuma, kilo 6 hivi. Zidisha kwa siku za Juni, Julai na Agosti, halafu uniambie kama bado unataka ule mdomo wa pichani.

Kuni gani? Muwati na mkaratusi ni nzuri zikikauka: zinawaka muda mrefu na kuacha makaa mazito. Paini huwaka haraka, inafaa kuwashia. Ikiwa mbichi utomvu wake hujaza dohani masizi. Matawi ya parachichi yaliyopogolewa na kukaushwa ni vijiti vizuri vya kuanzia. Pasua kuni, zipange zipitiwe na upepo, zifunike juu tu, na uzipe miezi 6 hadi 12. Kuni kavu ina mipasuko kwenye ncha, na ukigonganisha vipande viwili vinalia ko! ko! Kuni mbichi hutoa mlio wa kuziba kama unagonga ndizi.

Onyo: usichome vipande vya nguzo za umeme au mbao zilizotiwa dawa. Kwetu Njombe vipande hivi havikosekani, na vingine vina rangi ya kijani kibichi kwa mbali. Dawa hiyo inaweza kuwa na aseniki, na haiishii motoni: inatoka na moshi na kubaki kwenye majivu. Mbao za rangi na vipande vya makabati pia viache.

## Hatua ya 3: Chagua aina

Meko ya wazi. Mazuri kwa macho, mabaya kwa kuni. Moto mkubwa hunyonya hewa ya sebule na kuipeleka juu, na hewa ya baridi inaingia kupitia chini ya milango kuziba pengo. Ndiyo sababu miguu inaiva na mgongo unaganda, na vyumba vya kulala vinakuwa na baridi kuliko mwanzo. Ukiyataka hata hivyo, usiyajenge kama kabati la mraba. Mwaka 1796 Count Rumford, mzaliwa wa Marekani aliyefanya kazi Ulaya, aliandika kwamba tumbo liwe fupi kwenda ndani na kuta za pembeni zifunguke kuelekea chumbani, zirudishe joto kwa watu. Mpaka leo sijaona wa kumpinga. Kipimo chake ni rahisi: mdomo ukiwa na upana wa sentimita 90, mgongo wa tumbo, yaani ukuta wa nyuma, uwe na upana wa 30, na kina cha tumbo 30.

Jiko la chuma lenye mlango. Kama nyumba ni ya kuishi na kuni unanunua, chagua hili. Linaweza kusimama peke yake na bomba lake, au kuingizwa ndani ya meko ya zamani. Usinunue kubwa kupita hesabu yako. Jiko la kilowati 10 kwenye chumba cha 4 utalibana hewa kila siku ili usiive, na moto uliobanwa hutoa moshi mzito unaojenga masizi.

Gesi. Hita ya kilowati 4 hula karibu gramu 300 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 unakupa jioni kumi na mbili za saa nne nne. Mtungi wa kilo 13 wa Kenya, jioni kumi. Ile isiyo na bomba la kutoa hewa nje inataka dirisha liachwe wazi kidogo, na isilale chumbani na mtu.

Umeme. Hita ya wati 2000 inakula yuniti 2 kwa saa. Umepanga nyumba? Acha kuvunja ukuta wa mwenye nyumba, nunua hii.

Spiriti. Mapambo. Yana joto, lakini usilitegemee Makete. Usiongeze spiriti moto ukiwa unawaka au chombo kikiwa bado cha moto. Mwali wake mchana hauonekani vizuri, na watu wameungua kwa kudhani umezima.

Onyo kubwa kuliko yote: jiko la mkaa kulihamishia sebuleni au chumbani na kufunga madirisha si aina ya meko. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huhisi kichwa kizito na usingizi, na akilala haamki. Hata mkaa "ulioshika vizuri", usio na moshi, unaitoa.

## Hatua ya 4: Chagua ukuta

Ukuta wa ndani ni bora kuliko wa nje. Dohani iliyopita katikati ya nyumba inabaki na joto, na dohani yenye joto ndiyo inayovuta. Tena ukiipitisha karibu na kilele cha paa, huhitaji kuirefusha sana nje. Dohani iliyobandikwa ukuta wa nje upande wa upepo inapoa usiku kucha, na asubuhi ukiwasha moto moshi unarudi kukusalimia.

Epuka ukuta unaotazamana na mlango wa mbele. Kila mgeni akiingia, upepo unapuliza moshi nje ya mdomo. Halafu panda darini: kama njia ya dohani inakutana na boriti kuu, sogeza meko. Usimkubalie seremala akuambie "tutaikata kidogo".

Nyumba ya makuti au nyasi? Moto wa kuni ndani yake siujengi. Kacheche moja inatosha.

## Hatua ya 5: Dohani

Hapa kaa, soma mara mbili.

*Urefu.* Kuanzia sakafu ya tumbo mpaka ncha ya juu, isipungue mita 4.5. Nyumba zetu nyingi ni za chini, kwa hiyo dohani lazima ionekane juu ya paa, usiione aibu. Ipite mahali inapotokea kwenye bati kwa sentimita 90 angalau, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3: kilele cha paa, tangi la maji, ukuta wa jirani.

*Upana.* Chukua eneo la mdomo, yaani upana mara kimo, ugawe kwa 10. Hilo ndilo eneo la ndani la dohani ya mraba. Ikiwa ni bomba la duara, gawa kwa 12. Ikiwa dohani ni fupi, inakaribia zile mita 4.5, gawa kwa 8. Mfano: mdomo wa sentimita 75 kwa 65 ni 4,875. Kwa 10 unapata 488, yaani dohani ya 22 kwa 22. Kwa 8 unapata 609, yaani 25 kwa 25. Kwenye miinuko yetu hewa ni nyepesi, mvuto ni mdogo, hivyo mimi huchukua 25 kwa 25 bila kubishana.

Kwa jiko la chuma hesabu hii haikuhusu. Fuata kipenyo cha tundu la jiko lenyewe mpaka juu, usipunguze njiani.

Niliyajua haya kwa kuumia. Meko yangu ya kwanza nilijenga kwangu mwenyewe, kutoka kwenye picha: mdomo wa 120 kwa 90, dohani ya 20 kwa 20 kwa sababu tofali zilikuwa zinaisha. Kwa hesabu niliyokupa ilitakiwa 33 kwa 33. Mama alikuja kututembelea mwezi wa saba. Alikaa mbele ya moto dakika kumi, akafuta macho kwa kanga, akanyanyuka kimya na kwenda kukaa jikoni kwenye mafiga. Hakusema neno. Mimi nilielewa.

*Nyoofu.* Kona ni adui. Ikibidi kupinda, pinda kwa ulalo, si kwa kona ya mraba.

*Mbao.* Acha sentimita 5 kati ya dohani ya tofali na mbao yoyote ya paa au dari, na nafasi hiyo usiijaze chochote kinachoungua. Bomba la bati tupu linataka sentimita 45, kwa hiyo kwenye dari na paa tumia bomba la kuta mbili lenye pamba maalumu isiyoungua ya kuzuia joto katikati.

*Kofia.* Weka kofia ya kuzuia mvua na wavu wa pembeni. Bila wavu, ndege na nyuki watahamia. Nyuki kwenye dohani hutawatoa kwa moshi mdogo, na asali ikiyeyuka kuja chini utajuta.

## Hatua ya 6: Tumbo na mdomo

Tofali za kuchoma na tofali za moto si kitu kimoja, ingawa majina yanafanana na wauzaji wengine hawasahihishi. Tofali za moto ni nzito, rangi ya maziwa au manjano hafifu, zimetengenezwa kwa ajili ya tanuru. Hizo ziweke sakafu na kuta za tumbo. Ukizikosa, chagua tofali za kuchoma zilizotoka katikati ya tanuru: zimeiva, ukizigonga zinalia kama kikombe. Ujue baada ya miaka zitabanduka magamba na utazibadilisha. Bloku za saruji zisiingie tumboni. Mawe ya mtoni pia, maana maji yaliyofungiwa ndani yakichemka jiwe hupasuka kwa mlio na vipande huruka.

Udongo wa kujengea tumbo usiwe saruji ya kawaida na mchanga. Joto likipanda inapasuka na kudondoka. Tumia saruji ya moto, au udongo wa kichuguu uliochekechwa na kuchanganywa na mchanga laini, na viungo viwe vyembamba vya milimita 3 hadi 5. Kiungo kinene ndicho kinachoanza kupasuka.

Chuma cha juu ya mdomo kisibanwe kwa saruji ncha zote mbili. Chuma kikipata moto kinarefuka, na kikikosa nafasi kitapasua ukuta wako mzuri uliokwisha kupakwa rangi. Acha uwazi mdogo kila ncha.

Mbele ya mdomo jenga sakafu isiyoungua yenye sentimita 50, na pembeni 30 kila upande. Zulia likae nje ya mstari huo. Rafu ya mbao juu ya mdomo ni nzuri kwa picha za familia, ila ipandishe sentimita 30 angalau.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kupiga plasta

Mafundi wengi hapa huwa na haraka. Usiwalipe kumalizia kabla ya jaribio hili: funga milango na madirisha, washa gazeti moja ndani ya tumbo, kisha tupia konzi ya majani mabichi yatoe moshi mwingi. Moshi wote upande. Mtu mwingine asimame darini na tochi akiangalia kama unavuja kwenye viungo. Ukivuja sasa, unaziba kwa kiganja cha udongo. Ukivuja baada ya plasta, unabomoa.

## Hatua ya 8: Moto wa kwanza

Subiri wiki tatu hadi nne meko yakauke. Kisha siku ya kwanza washa vijiti tu, kwa nusu saa. Ongeza kidogo kila siku kwa muda wa juma moja. Mwenye meko mapya hutamani kuita wageni usiku wa kwanza na magogo makubwa. Maji yaliyomo ukutani huchemka, na nyufa anazoziona kesho yake anamlaumu fundi.

Majivu acha tabaka la sentimita 2 au 3 chini. Makaa hulalia hapo na moto huwaka vizuri. Unayoyatoa yaweke kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta, siku kadhaa. Makaa yaliyofunikwa na majivu hudumu kuliko unavyodhani, na ndoo ya plastiki imechoma vibaraza vingi.

## Yakigoma

Moshi unarudi dakika za kwanza tu. Dohani imepoa. Washa gazeti lililosokotwa, lishike karibu na koo mpaka usikie hewa imeanza kuvuta, ndipo uwashe kuni.

Moshi unatoka muda wote. Fungua dirisha moja kidogo. Ukikoma, nyumba yako imebanwa mno, meko yanakosa hewa. Weka tundu la hewa karibu na meko. Usipokoma, chukua kipande cha bati, kishike juu ya mdomo na ukishushe polepole. Pale moshi unapoacha kutoka, weka alama. Hicho ndicho kimo ambacho dohani yako inakiweza. Jenga mstari wa tofali au funga kizuizi cha chuma mpaka hapo. Kwangu nilishusha kimo na kubana upana mpaka mdomo ukawa 65 kwa 60, na mama siku hizi huvuta stuli mwenyewe.

Moshi unarudi upepo ukivuma upande fulani. Kuna kitu kirefu karibu kinachoangusha upepo, mara nyingi kilele cha paa au mti. Refusha dohani au badilisha kofia.

Kioo cha jiko kinakuwa cheusi kila siku. Kuni mbichi, au umebana hewa mno. Kisugue kwa gazeti bichi lililochovywa kwenye majivu, halafu rudi kwenye rundo lako la kuni.

Masizi yanang'aa kama lami. Acha kuwasha. Hayo ndiyo yanayoshika moto ndani ya dohani. Yaondoe yote mpaka tofali zionekane, na ufagie kwa brashi ya waya walau mara moja kwa mwaka, kabla ya kipupwe.

Dohani inanguruma kama lori linapanda mlima. Imeshika moto. Funga mlango wa jiko na matundu ya hewa, toa watu wote nje, piga simu zimamoto. Usimwage maji kutoka juu: tofali zikipata maji ghafla zinapasuka, na moto unapata njia ya kuingia darini. Hata ukizima wenyewe, usiwashe tena mpaka fundi apande na tochi aikague toka juu mpaka chini.

Asubuhi mnaamka na kichwa kizito. Kuna mtu alifunga kifuniko cha koo, kile kinachoziba njia ya moshi, usiku makaa yakiwa bado mekundu. Fungua madirisha, tokeni nje, na anayetapika au kuzubaa apelekwe hospitali. Kifuniko hufungwa majivu yakiwa yamepoa, ukiweza kuyagusa kwa mkono.